Je, Wajua? Manowari ya Bomba Tatu na Mabega Yaliyobeba Mizinga Yake

Nandagala haina bahari. Ni kijiji cha Wamwera wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, jirani na Nachingwea, katika nchi ya mikorosho na ufuta. Wengi wanakijua kwa sababu ndiko nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015. Ukitaja hapo manowari za Kijerumani na magari ya chuma ya vita, utaulizwa: hayo na Nandagala wapi na wapi?

Yanahusiana sana. Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza 1914, ilipokaribia mwisho wake katika ardhi yetu, ilisukumwa hadi kusini huku, na kilichoisukuma ni miguu na mabega ya watu wetu. Haya ni mambo 13 yanayofaa kujulikana na kila mtoto wa Lindi, na kila Mswahili popote alipo.

1. Je, wajua kwamba manowari ya Kijerumani ilipewa jina la Kiswahili?

Juni 1914 meli ya kivita SMS Königsberg iliingia bandari ya Dar es Salaam kutoka Ujerumani. Ilijengwa Kiel na kushushwa majini Desemba 1905. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na ilibeba mizinga 10 yenye kipenyo cha sentimita 10.5. Wenyeji hawakujisumbua na jina hilo gumu, la mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Walitazama mabomba ya moshi katikati ya meli, wakayahesabu, wakaiita manowari ya bomba tatu. Neno manowari lenyewe tulilipata kwa mabaharia wa Kiingereza, ambao kwa lugha yao meli ya vita iliitwa kama mtu: mtu wa vita.

2. Je, wajua kwamba Zanzibar ilipigwa na manowari hiyo alfajiri moja?

Vita vilipoanza Agosti 1914, nahodha Max Looff alikuwa ameshaitoa Königsberg bandarini. Tarehe 6 Agosti, katika bahari iliyo jirani na Oman, aliikamata City of Winchester, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita hivyo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba aliikuta manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya Pegasus, kwa hiyo makombora ya Pegasus hayakuifikia. Pegasus ilizama. Mabaharia wake waliokufa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji wa Zanzibar.

3. Je, wajua kwamba vipuri vya mtambo wa manowari hiyo vilivutwa na watu nchi kavu?

Baada ya shambulio la Zanzibar, mtambo wa Königsberg uliharibika. Looff alijificha ndani ya delta ya Rufiji, mikoko ikimfunika. Vipuri vilivyoharibika vilihitaji karakana, na karakana ilikuwa Dar es Salaam. Vikapakiwa juu ya magogo yaliyofungwa pamoja mfano wa sleji, na mamia ya watu wakavivuta kwa kamba kupitia matope na mchanga mpaka mjini. Vilipotengenezwa vikavutwa tena kurudi Rufiji. Kazi hiyo ilifanikiwa, na mtambo ukawa tayari kuwaka. Lakini manowari za Uingereza zilikuwa zimeshafika mlangoni mwa delta. Mwishoni mwa Oktoba 1914 ziliigundua Königsberg, na mwezi uliofuata zikazamisha meli kuukuu iitwayo Newbridge ili kuziba njia.

4. Je, wajua kwamba meli zilizoiangamiza zilijengwa kwa ajili ya Amazon?

Meli kubwa za Uingereza zilihitaji kina kirefu, hazikuweza kupanda mto. Ndipo zikaletwa HMS Severn na HMS Mersey, meli bapa zenye mizinga mizito ambazo Brazil iliagiza zitumike katika mto Amazon. Zilikokotwa na meli nyingine kutoka Malta mpaka Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 zilipigana zikashindwa. Tarehe 11 Julai zilirudi. Juu yao iliruka ndege iliyotokea Mafia, ikitoa taarifa kwa redio wapi makombora yanaanguka. Ndege hiyo ilipigwa, nao waliokuwa ndani waliendelea kutuma vipimo huku ikishuka kuelekea mtoni. Siku hiyo hiyo Looff aliamuru Königsberg ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe. Mabaki yake yalikaa kwenye matope ya Rufiji kwa miongo kadhaa, na watu waliyaona mpaka miaka ya 1960.

5. Je, wajua kwamba mizinga yake 10 ilipata miguu?

Meli ilikufa, mizinga haikufa. Ilizamiwa, ikang'olewa na kupelekwa Dar es Salaam, ambako karakana ya reli iliitengenezea magurudumu. Hapo manowari ikageuka kuwa jeshi la nchi kavu. Mzinga mmoja ulipelekwa Kigoma. Mingine ilinguruma Kahe na Kondoa mwaka 1916, ikiwapiga askari waliotoka Afrika Kusini ambao hawakutegemea kukutana na mizinga ya baharini katikati ya bara.

Tuutazame mmoja kwa karibu. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa mara 40 ya kipenyo chake, yaani mita 4.2, sawa na watu wawili na nusu wakilala wakiunganisha vichwa na miguu. Ulitengenezwa ufungwe kwenye sakafu ya chuma ya meli, na chuma chake kilipimwa kwa tani. Kombora lake moja lilizidi kilo 16. Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo waliobaki kuuvuta mzinga ni watu, mamia kwa mzinga mmoja, kamba begani, wakipanda milima na kuvuka mito isiyo na daraja. Nyuma yao walifuata wengine wamebeba makombora, wengine chakula, na wengine chakula cha wale waliobeba chakula.

6. Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno moja kwa asali na kwa moto?

Ingia porini upande wa Liwale au Ruangwa. Utakuta gogo limechongwa likatobolewa katikati, ncha zake mbili zimezibwa, limeachiwa tundu dogo la nyuki kupita, na limening'inizwa juu ya mti. Huo ni mzinga. Silaha iliyotoka Rufiji nayo ni mzinga. Umbo ni lile lile: bomba refu lenye uwazi ndani. Mmoja hupandishwa mtini na mtu mmoja mwenye kamba, naye hushuka na asali ya watoto wake. Mwingine ulivutwa na vijiji vizima, na vijiji hivyo havikuambulia hata tone.

7. Je, wajua kwamba meli ya silaha ilitia nanga Sudi?

Hili ni la mkoa wetu wenyewe. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliwapita kisiri Waingereza waliokuwa wakizuia pwani yote, ikaingia katika ghuba ya Sudi, kusini mwa mji wa Lindi. Ndani yake mlikuwa na mizinga, risasi, dawa na makombora kwa ajili ya ile mizinga ya Königsberg. Kilichonishangaza zaidi niliposoma habari zake ni jinsi shehena ilivyofungwa. Huko huko Ujerumani iligawanywa katika mafungu yanayomtosha mpagazi mmoja kubeba kichwani. Yaani kabla meli haijang'oa nanga Ulaya, kichwa cha mtu wa Lindi kilikuwa kimeshapangiwa mzigo wake.

Shehena ilipakuliwa na maelfu ya wapagazi, wakaondoka nayo kwa miguu kuelekea Reli ya Kati. Waingereza walipoigundua meli na kuipiga, mzigo ulikuwa umeshaondoka. Aprili Marie ikatoroka na kwenda zake mpaka Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta, Indonesia.

8. Je, wajua kwamba meli ya kivita ya Mjerumani ilibeba abiria wetu kwa miongo mingi?

Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Ule mzinga wa Königsberg uliofika Kigoma ulifungwa juu yake. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakiwa wameipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini kurudi kuichukua. Baadaye Waingereza waliiinua. Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba, na vizazi vya wasafiri wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu vimeipanda.

9. Je, wajua kwamba Waingereza walipata ushindi wa mapema wa majini huko Liuli?

Tarehe 13 Agosti 1914, Ziwa Nyasa, meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen ilivuka mpaka Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Ilikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa ufukweni kwa matengenezo, ikaipiga. Nahodha wa meli ya Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza, na aliyempiga alikuwa rafiki yake wa siku nyingi ziwani.

10. Je, wajua kwamba vita vilipita karibu na milango ya Nandagala?

Mwaka 1917 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilibanwa kati ya vikosi vya Uingereza vilivyotoka Kilwa na vile vilivyotoka Lindi. Nchi ya Wamwera ikawa katikati ya nyundo na fuawe. Tarehe 22 Septemba askari wa Nigeria walipigana Bweho Chini. Tarehe 10 Oktoba ghala la chakula la Wajerumani lilitekwa Ruponda, mahali ambapo leo ni ndani ya Wilaya ya Nachingwea. Chakula hicho kilikuwa kimekusanywa kutoka mashamba ya watu, nao wenye mashamba walibaki mikono mitupu.

Kisha ikaja Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Wajerumani walikuwa na watu wapatao 1,500. Waingereza walikuwa karibu 5,000, wakapoteza takriban 2,700 kwa kufa, kujeruhiwa na kutoweka. Lettow-Vorbeck alipoteza watu 500 hivi, lakini risasi zake karibu ziishe. Na tujiulize ni nani hao waliopigana. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wahausa, Wayoruba, Wayao, vijana wa keya, yaani askari wa Kiafrika wa Mwingereza, kutoka Kenya na Nyasa. Mwafrika alimlenga Mwafrika kwa ugomvi wa wafalme wawili wa Ulaya, ambao walikuwa binamu.

Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917. Kufikia siku hiyo hakubaki na mzinga hata mmoja wa Königsberg. Manowari ya bomba tatu ilimalizikia katika ardhi yetu.

11. Je, wajua kwamba chombo cha angani kilitumwa kuja kusini kwetu?

Novemba 1917 Ujerumani ilirusha Zeppelin L59 kutoka Jamboli, Bulgaria. Ni chombo kirefu kilichojazwa gesi nyepesi kuliko hewa, na kilibeba tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa. Kilikusudiwa kutua nyanda za Wamakonde. Hakikupangiwa kurudi, kwa kuwa kitambaa chake kingekatwa kuwa mahema na nguo, na mifupa yake ingesimamishwa kuwa mlingoti wa redio. Kilivuka Misri, kikafika Sudan magharibi ya Khartoum, na hapo tarehe 23 Novemba kikapokea amri ya kurudi. Kilitua Jamboli tarehe 25, siku ile ile Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma. Kilikuwa kimesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kutua, safari iliyoushangaza ulimwengu wa wakati ule.

12. Je, wajua kwamba Wajerumani nao walikuwa na kifaru?

Magari ya deraya yalifika Afrika Mashariki mapema 1916, pale Waingereza walipoleta ya Rolls-Royce katika mapigano ya jirani na Kilimanjaro. Vifaru vyenyewe, vyenye minyororo badala ya magurudumu, vilionekana mara ya kwanza duniani tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa. Ujerumani ilichelewa. Kifaru chake cha kwanza, A7V, kilitengenezwa kwa idadi ya 20 tu.

Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliyapa magari yao ya chuma majina ya wanyama: Tiger ni chui milia, Panther ni chui, Elefant ni tembo, Wespe ni nyigu. Na lile gari lenye mzinga wa milimita 88, lililotengenezwa kuwinda vifaru vya adui, liliitwa Nashorn, yaani kifaru. Kiswahili, bila kushauriana na mtu, kilichagua mnyama yule yule kuwa jina la magari hayo yote. Anayemjua kifaru wa porini, ngozi yake nene na jinsi anavyokuja moja kwa moja bila kukwepa, haelezwi zaidi.

Jina la Königsberg nalo lilirudi baharini. Manowari ya tatu kuitwa hivyo ilizamishwa kwa mabomu ya ndege huko Bergen, Norwei, tarehe 10 Aprili 1940. Wiki hiyo hiyo, huko Narvik, Ujerumani ilipoteza destroya 10, ambazo ni manowari zake za kasi za kurusha topido. Hizo zilikuwa nusu ya destroya zote ilizokuwa nazo wakati huo.

13. Je, wajua kwamba kifaru cha vita kiliwahi kutumwa kulima karanga Tanganyika?

Vita vya pili vilipokwisha, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulikusudiwa kufunika zaidi ya hekta milioni moja. Matrekta hayakutosha duniani, ndipo kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, vile vile vilivyopambana na vya Wajerumani kuanzia El Alamein 1942, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza matrekta. Yakaitwa Shervick. Na ili kuangusha miti, minyororo mizito ya nanga za meli ilifungwa kati ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba yakikokota msitu. Kifaru kwa jembe, na nanga kwa shoka.

Nchi haikukubali. Mvua zilikosekana, udongo wa Kongwa uligeuka mgumu kama saruji, vyuma vikavunjika. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kusini tulibaki na mji wa Nachingwea, bandari ya Mtwara, na reli ambayo baadaye iling'olewa. Wakulima wadogo wa Nachingwea na Ruangwa, kwa jembe la mkono, wamelima karanga na ufuta kabla ya mashine hizo na baada yake.

Neno la mwisho kwa msomaji

Ukitaka kuiona mizinga ya Königsberg leo, inajulikana ilipo. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa hasimu wake Pegasus. Mwingine uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Mwingine uko Jinja, Uganda. Imepakwa rangi, imewekewa vibao, na watalii huipiga picha.

Waliobeba je? Katika vita vile karibu watu milioni moja wa Afrika Mashariki na ya Kati walichukuliwa upagazi upande wa Uingereza, na wanahistoria wanakadiria kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Upande wa Wajerumani hata hesabu kamili haikuwekwa. Kambi ya wapagazi wa Waingereza Dar es Salaam ilituachia jina la Kariakoo, na Nairobi ikapata Kariokor, yote yakitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi kwa ujumla katika maandishi yake. Majina yao hayapo.

Hilo ndilo deni letu. Chuma cha Wajerumani na cha Waingereza kilitembea nchi hii kwa sababu kulikuwa na mabega ya kukibeba, na mabega hayo yalikuwa ya watu wenye majina, wake, watoto na mashamba. Kama unatoka Nandagala, Ruponda, Mahiwa, Sudi au Rufiji, kaa na mzee wa ukoo wenu wiki hii. Muulize ni nani kwenu aliyebebeshwa mzigo wa Mjerumani au wa Mwingereza, alitoka kijiji gani, alirudi au hakurudi. Andika jina lake kwenye daftari, na uwasomee watoto.